Mbona Hukumalizia?

Leo nimejitwisha kazi ngumu: kuwaonyesheni picha kwa redio. Tena ingekuwa ya rangi ningesema hapa pana nyekundu, pale pana kijani, nanyi mkaridhika. Hii ni ya penseli tupu, imechorwa kwenye karatasi ya daftari la kuchorea la shule, na zaidi ya nusu ya karatasi hiyo haijaguswa.

Mchoraji ni mwalimu kijana wa shule ya msingi hapa kwetu Rukwa, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, aliketi kwenye mwinuko kando ya njia ya kwenda Namanyere, akautazama uwanda wa Ufipa, akachora kwa muda mfupi tu, kisha akafunga daftari na kuendelea na safari yake.

Fuateni nami. Chini kidogo ya katikati ya karatasi pana mstari mmoja unaotoka kushoto kwenda kulia. Huo ndio upeo wa macho. Haukupigwa kwa rula. Unapanda taratibu, unashuka, na mahali patatu unakatika kabisa, kisha unaendelea mbele. Juu ya mstari huo hamna kitu: hamna jua lenye miale, hamna wingu, hamna wale ndege wa herufi V ambao wengi wetu tulizoea kuwapachika angani tukiwa shuleni. Chini yake, upande wa kushoto, kuna mikwaruzo ya haraka inayolala upande mmoja, nayo ndiyo mteremko wa kilima. Kutoka ukingo wa chini wa karatasi inaingia njia ya mkokoteni wa ng'ombe, mistari miwili inayozidi kukaribiana kadiri inavyokwenda mbali, na kabla haijafika kilimani inapotea. Upande wa kulia zimo alama ndogo ndogo zilizopinda, kubwa kwa mbele, zikipungua kwa nyuma hadi zinakuwa nukta. Mfipa akiziona hahitaji kuambiwa: ni matuta ya duara ya shambani. Nyuma ya matuta kuna paa la nyumba, mikwaruzo miwili inayokutana kileleni, ukuta hamna. Na kando ya njia, peke yake, limesimama umbo jeusi, nene chini, jembamba juu. Ni hapo tu ambapo mwalimu ameikandamiza penseli kwa nguvu. Hilo ni tanuri la kale la kuyeyushia chuma, moja ya yale ambayo Wafipa huyaita malungu.

Basi, picha ndiyo hiyo. Imepita mikononi mwa watu kadhaa hapa studioni, na wote wamekuwa na swali moja: mbona hakumalizia?

Swali hilo si la kijinga. Jicho letu limelelewa na picha zilizojaa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanzisha mtindo wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao, na wafuasi wake mpaka leo hawaachi pengo: palipobaki nafasi huingia ndege, ua au nukta. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alichora vijiji vya mlimani vikiwa vimesheheni watu na kazi zao. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Hao ni wachoraji wakubwa, na kujaza kwao kuna sababu zake. Mashaka yanaanza pale tunapochukua kipimo chao na kumpimia mtu ambaye kazi yake ni ya namna nyingine kabisa.

Mchoro wa mkono mwepesi huenda kwa kanuni ya hadithi zetu. Msimulizi akisema paukwa, haendelei mpaka wasikilizaji wajibu pakawa. Mstari wa mwalimu wetu ndio paukwa. Ule mteremko ambao hakuumaliza, ile njia iliyokatika, lile paa lisilo na ukuta, vyote vinangoja jicho lako lijibu. Ukikaa kimya, ukitaka ufanyiwe kila kitu, hadithi haisongi.

Hebu tujibu basi, tuanze na upeo wa macho uliokatika mara tatu. Aliyewahi kuwa Ufipa mwezi wa Septemba anajua kinachotokea. Moto unapita kwenye nyasi huku na huko, moshi unachanganyika na vumbi linalopeperushwa na upepo wa huku juu, na milima ya mbali inayeyuka machoni. Unaona kipande cha ukingo, kisha huoni, kisha unaona tena. Mwalimu amechora anachokiona na kunyanyua penseli pale asipoona. Ingekuwa rahisi kwake kuunganisha vipande vile, maana anaijua milima hiyo tangu utotoni. Hakufanya hivyo. Alichora alichokiona siku ile, saa ile.

Au lile paa. Kuta za nyumba nyingi za vijijini kwetu ni za matofali ya udongo unaochimbwa palepale nyumba inaposimama. Jua la mchana likipiga, ukuta na ardhi vinakuwa rangi moja, na kitu kinachojitokeza ni paa na kivuli chake. Kwa hiyo mikwaruzo miwili ilitosha. Mtu angeongeza mlango na madirisha mawili, nyumba ingekuwa ya kitabu cha chekechea, isiyo ya mahali popote.

Namna hii ya kuchora haikuanza jana. Tukitafuta ukoo wake tutafika Ulaya ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, katika mkondo ambao wahakiki wetu wa fasihi huuita ulimbwende. Zamani zile, katika vyuo vya sanaa vya huko, picha ya mandhari ya shamba ilihesabiwa daraja la chini. Picha za heshima zilikuwa za vita, wafalme na visa vya Biblia. Walimbwende wakapindua meza. Viwanda vilikuwa vinapanuka, watu wanahamia mijini, nao wakasema kwamba kilima, mto na wingu linalopita vinastahili kutazamwa kwa uzito uleule, na kwamba anayevitazama lazima atoke nje avikabili. Caspar David Friedrich kule Ujerumani alikuwa akienda mashambani na milimani na penseli, anachora mti mmoja au mwamba mmoja, anaandika tarehe, na miaka mingi baadaye mti uleule unatokea katika picha kubwa ya rangi. Mwingereza Turner alipofariki mwaka 1851 aliacha takribani madaftari 300 ya michoro.

Penseli ndiyo iliyowapa uhuru huo. Haimwagiki, haingoji kukauka, inaingia mfukoni. Kinachoandika ndani yake ni kinywe, madini yaleyale tunayoyasikia siku hizi katika habari za Mahenge na Ruangwa, yanayowindwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kwa muda mrefu kinywe bora kilitoka bonde la Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Vita vya Wafaransa na Waingereza vilipofunga njia, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akabuni, mwaka 1795, namna ya kuchanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake mwembamba, wa kijivu. Ukipungua, inakuwa laini na nyeusi. Ndiyo maana leo mwalimu wetu anaweza kuchagua: upeo wa macho kwa penseli ngumu, tanuri kwa laini. Hata mti wa penseli una hadithi ya kwetu. Enzi za Wajerumani, kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba za waya kuteremsha mbao za mtarakwa kutoka msitu wa Shume, Usambara, hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga, na mtarakwa ni mti uliopendwa sana na watengenezaji wa penseli.

Miongoni mwa walimbwende wote, ninayemwona karibu zaidi na mwalimu wetu ni John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mkoa wa Suffolk, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu vya kusagia, na Constable alikulia kati ya magunia, maboti na mikokoteni. Mwaka 1813 alitembea na daftari dogo la mfukoni, na mwaka uliofuata akawa na jingine. Yote mawili yapo London, katika Makumbusho ya Victoria na Albert. Ndani yake mna miti, madaraja, mashua, majembe ya kulimia, vipande vya mashamba, vingine vidogo kuliko kiganja. Mstari unakwenda mbio. Penye majani mengi amezungusha tu mkono. Penye anga mara nyingi ameacha karatasi.

Kuna kisa kimoja ambacho wakulima wa Ufipa mtakipenda. Mwaka 1814 Constable alichora picha ya rangi iliyoagizwa iwe zawadi ya bibi harusi, Philadelphia Godfrey, msichana wa palepale kijijini aliyekuwa anaolewa na kuondoka. Zawadi ilikusudiwa kumkumbusha bonde la mto Stour alilokua akilitazama kutoka nyumbani kwao. Constable akalichora bonde lote, na kanisa la Dedham kwa mbali. Halafu mbele kabisa, mahali ambapo wewe na mimi tungeweka maua, akaweka lundo kubwa la samadi na watu wakilichimba. Naam, samadi, kwenye zawadi ya harusi! Lakini yule bibi harusi alikuwa amekulia mashambani. Alijua kwamba katika majira yale samadi hutolewa kupelekwa mashambani, na kwamba bonde lisilo na samadi si bonde lake. Picha hiyo leo iko Boston, Marekani, katika Makumbusho ya Sanaa ya huko.

Ulimbwende wa kweli, kwa hiyo, hauishii kwenye kupamba mashamba. Ni kulitazama shamba kwa upendo wa mtu anayelifahamu, na anayelifahamu hajui kuficha samadi.

Sasa niwageuzie upande wa pili, wa wale waliojaza. Miaka ya 1850, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, waliwahoji wafanyabiashara wa misafara kuhusu maziwa ya bara. Kila msafara ulitaja maji mengi. Wamisionari wale, ambao hawakuwa wameyaona maziwa hayo, wakaunganisha habari zote na kuchora ramani yenye ziwa moja la kutisha, umbo la koa, lililoyameza Nyasa, Tanganyika na Nyanza kwa pamoja. Ramani ikajadiliwa London mwaka 1856. Katika ramani hiyo nchi zilizo kati ya maziwa, Ufipa yetu ikiwamo, hazikuwa na mahali pa kusimama. Habari walizopewa zilikuwa za kweli, maana maji yalikuwepo kweli. Kosa lilikuja pale walipojaza nafasi za katikati.

Miaka michache baadaye akapita Mskoti James Augustus Grant, mwenzake msafiri Mwingereza Speke katika safari ya 1860 hadi 1863. Grant alichora kwa mkono wake njiani, na alipougua mguu alibaki miezi kadhaa Karagwe kwa mfalme Rumanyika, daftari likiwa naye. Kitabu cha Speke kilipochapishwa mwaka 1863 michoro hiyo haikutoka ilivyokuwa. Ilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, fundi mzuri sana wa picha za vitabu, ila hakuwamo safarini. Msomaji wa London alitaka picha iliyojaa, na ufundi wa uchapaji wa siku zile, wa kuchonga kwenye mbao, ulihitaji mistari kamili, basi akapewa. Mwanahistoria wa Finland, Leila Koivunen, ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2009, kuhusu namna michoro ya wasafiri wa Afrika ilivyobadilika ikipita mikono hii na ile kabla ya kufika kwa msomaji. Palipokuwa na nafasi katika daftari la msafiri, mchongaji wa Ulaya aliweka kile alichodhani lazima kiwepo Afrika.

Mnaona ninakoelekea. Nafasi nyeupe kwenye karatasi ya mwalimu wetu ni mahali alipokataa kusema asichokiona. Uvivu haumo. Ukimlazimisha kujaza, unamwomba awe Zwecker wa nchi yake mwenyewe.

Na hapa inaingia Ufipa yenyewe, maana nchi hii imeteseka kwa macho ya aina hiyo. Mgeni anayepanda kwa basi kutoka Tunduma, akapita Laela na kuiona Sumbawanga kwa mara ya kwanza, huchungulia dirishani na kusema: huku ni wazi tu, hakuna kitu. Hana msitu wa kumfurahisha, hana mlima wenye theluji. Ana anga, upepo, nyasi na baridi asiyoitarajia.

Lakini tuihesabu hiyo "hakuna kitu". Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Mbizi vinapita mita 2,000. Uwanda wote umeinuliwa kati ya mabonde mawili ya ufa: magharibi Ziwa Tanganyika lenye kina kisichofikiwa na ziwa lolote jingine la Afrika, mashariki Ziwa Rukwa, maji ya chumvichumvi yasiyo na kina, yanayopanuka na kunywea. Ukisimama kwenye ukingo wa mashariki, Lyamba lya Mfipa, ardhi inakatika miguuni pako na kushuka kama kilomita moja hadi bondeni. Mwaka 1880 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 22, alifika kwenye miinuko hiyo na msafara uliokuwa chini ya unyapara wa Chuma, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Thomson akaliona ziwa kwa chini, akalipa jina la Leopold. Jina halikushika, Rukwa imebaki Rukwa.

Uwazi wa uwanda nao ni kazi ya mikono. Rudini kwenye mchoro, kwenye lile umbo jeusi. Tanuri la Kifipa lilikuwa la udongo, refu kuliko mtu, mengine yakifika mita tatu. Chini lilikuwa na matundu ya kupitishia mirija ya hewa, na kwa urefu wake lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Mawe ya chuma na mkaa vilipakiwa humo kwa tabaka. Kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuri dogo, hilo sasa likiwa na mivukuto, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe. Jembe lile likapindua nyasi na kuzifukia ndani ya matuta ya duara ili zioze ziwe mbolea. Matuta hayo hulimwa mvua zinapoelekea kwisha, mara nyingine hupandwa maharage, na msimu unaofuata husambazwa ili upandwe ulezi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960 na kutoa kitabu kikubwa cha historia yake mwaka 1981, aliwaeleza Wafipa kuwa ni watu wanaoithamini mno kazi ya jembe, na sidhani kama kuna mtu wa Rukwa atakayembishia.

Tazameni sasa jinsi alama zile chache zinavyoshikana. Tanuri limezaa jembe, jembe limezaa matuta, mavuno ya matuta yamechonga njia ya mkokoteni, na miti iliyogeuka mkaa, pamoja na mashamba, mifugo na moto wa kila mwaka, ndiyo iliyouacha uwanda wazi hadi jicho lifike upeo bila kizuizi. Historia nzima ya uchumi wa Ufipa imo katika mikwaruzo isiyofika mia. Ndiyo maana tanuri limekandamizwa kwa nguvu kuliko vingine vyote: mchoraji ametaka jicho lako litue hapo kwanza, ndipo litoke kwenda kwenye matuta, njiani na mwishowe angani. Mchoro uliojazwa kila kona usingeweza kukuongoza hivyo, kwa sababu kila kitu kingekuwa kinapiga kelele kwa wakati mmoja.

Nisije nikaonekana wakili wa ulimbwende. Una kasoro yake, na ni kubwa. Mtu aliyeshiba akitazama shamba kutoka kilimani huona utulivu. Aliyeinama na jembe tangu alfajiri huona kingine. Mhakiki wa Kiingereza John Barrell aliandika mwaka 1980 kitabu kizima kuhusu jambo hilo, akionyesha jinsi wachoraji wa mandhari wa kwao walivyowaweka maskini wa mashambani mbali, wadogo, kivulini, wasisumbue macho ya wenye nchi. Constable mwenyewe hakumponyoka. Mwaka 1816, na tena mwaka 1822, vibarua wa mashamba wa mashariki mwa Uingereza, Suffolk ikiwamo, walifanya ghasia kwa sababu ya njaa na ukosefu wa kazi, wakavunja mashine na kuchoma mali za wakulima wakubwa. Katika picha za Constable za miaka hiyo moto huo hauonekani.

Je, mwalimu wetu naye ameficha? Nimeutazama mchoro kwa swali hilo, na jibu langu ni kwamba amejitetea vya kutosha. Mtu hayumo kwenye mchoro, ni kweli, lakini kazi ya mtu imo. Matuta yake hayakutupwa ovyo kama mapambo. Yana nafasi kati yake, nafasi ya mtu kusimama na kugeuka na jembe. Anayechora hivyo amewahi kuyalima. Hicho ndicho kipimo ninachowapa cha kupima mchoro wowote mwepesi wa mashambani, uwe wa Suffolk au wa Nkasi: mistari michache iliyobaki, je, inajua kazi? Wepesi wa mkono unaotokana na kujua ni ufundi. Wepesi unaotokana na kutojali unajulikana upesi, kwa sababu njia zake haziendi popote na nyumba zake hazina mwenyewe.

Mkikutana na mchoro wa namna hii, kwenye maonyesho au kwenye daftari la mtoto wenu, msiukimbilie. Tafuteni kwanza pale penseli ilipokandamizwa zaidi, maana hapo ndipo moyo wa mchoraji ulipokuwa. Halafu tafuteni pale mkono uliponyanyuka, mjiulize kilichomfanya aunyanyue: ni moshi, ni mwanga mkali, ni jambo lisilomhusu? Fuateni mwelekeo wa mikwaruzo, kwani mara nyingi utawaambia upepo ulitoka wapi na jua lilikaa upande gani. Mwisho utazameni kwa mbali, mkono ukiwa umenyooshwa, mwone kama karatasi tupu imegeuka anga. Ikigeuka, mchoraji ameshinda.

Kwa wazazi na walimu nina neno moja. Mtoto akichora nje, asihimizwe kupaka kila kona wala asipewe rula. Mwacheni achore mlima anaouona, na akichoka aache. Wengi wetu mkono ulikufa siku tulipoambiwa mchoro ni mpaka ukurasa ujae.

Na kwa yeyote mwenye penseli: chora, hata kama hujioni msanii. Malungu mengi yamekwisha kubomoka kwa mvua, na yaliyosimama hayana wa kuyaezeka. Nyasi za mapaa zinapisha bati, lami imefika kutoka Tunduma, na mikaratusi iliyopandwa inaanza kuziba upeo mahali ambapo wazee wetu waliona mbali. Simu itapiga picha ya vyote hivyo kwa sekunde moja, na ni vizuri ipige. Ila simu inachukua kila kitu sawa kwa sawa, haikuambii mwenye kijiji alikiona kipi kikubwa na kipi kidogo. Habari hiyo inapatikana kwa mkono tu. Kwa hiyo chora ulichokiona, usichokiona kiache, na pembeni, kama alivyokuwa akifanya Friedrich, andika tarehe. Ongeza na jina la kijiji. Miaka hamsini ijayo kuna mtu atakuwa anabishana na mwenzake kuhusu lilikuwa wapi lile tanuri, na karatasi yako ndiyo itakayoamua.